Laptopu ipi imeundwa vizuri? Tazama bawaba kabla ya ganda

Swali: Mimi ni mfasiri, na pembeni nahariri picha. Laptopu yangu haikai mezani, kila siku imo begini, na hii nitakayonunua nataka inifikishe miaka 5 au 6. Nimebakiza nne za kuchagua: MacBook Air ya Apple, ThinkPad T14 ya Lenovo, Dell XPS 13, na moja ya matumizi ya nyumbani yenye ganda la alumini, ambayo bei yake ndiyo ya chini kuliko zote. Nikizishika, zote naziona imara. Muuzaji mmoja kaniambia ya alumini haivunjiki. Mwingine kaniambia nitafute yenye kiwango cha kijeshi. Nitaitambuaje iliyoundwa vizuri kweli na iliyopambwa tu?

Jibu: Ndugu msomaji, wauzaji wako wote wawili wamekuambia jambo lenye ukweli kidogo, na kidogo hicho ndicho kinachouza. Jicho huangukia ganda kwanza, kwa hiyo mtengenezaji anayetaka kuuza haraka huweka fedha zake kwenye ganda. Lakini laptopu nyingi haziuawi na ganda. Pita kwenye meza ya fundi yeyote: utakuta bawaba zilizong'oka, matundu ya chaja yaliyolegea, kibodi zilizomwagiwa vinywaji, betri zilizovimba, skrini zilizopasuka kwa kubanwa begini na madabodi (bodi kuu za ndani) zilizochoshwa na joto. Yote hayo ni maeneo ambayo nguvu au joto hupita kila siku. Ndiyo maana ninapolinganisha laptopu mbili swali langu huwa moja: mkono wa mtumiaji ukisukuma, ukivuta, ukifungua au ukichomeka, nguvu ile inaishia kwenye nini? Ikiishia kwenye chuma kilichoshikana na chuma, mashine hiyo ina maisha. Ikiishia kwenye kiguzo chembamba cha plastiki, uzuri wa nje hautakusaidia.

Nianze na bawaba, maana hapo ndipo laptopu nne zako zinapoachana zaidi, na hapo ndipo watu hudanganyika kuliko kwingine kote.

Ukifungua kifuniko cha chini cha laptopu nyingi za bei ya chini, utaiona bawaba ikiwa kipande cha chuma chenye mkono bapa, kimefungwa kwa skrubu tatu au nne. Chuma chenyewe hakina tatizo. Tatizo ni zile skrubu zinakoingia. Mara nyingi huingia kwenye vinati vidogo vya shaba vilivyoshindiliwa kwa moto ndani ya viguzo vya plastiki, na viguzo hivyo vimetoka kwenye ganda lenyewe la plastiki. Kila unapoinua skrini, kifuniko hufanya kazi ya mtaimbo: mkono wako uko mbali, bawaba iko karibu, na nguvu yote inavuta vile vinati juu. Siku za mwanzo hakuna dalili. Kadiri miezi inavyokwenda, bawaba hukaza kwa sababu grisi imekauka au vumbi limeingia, na plastiki nayo inapoteza unyumbufu kwa kupashwa joto na kupoa. Kisha siku moja unasikia mlio mdogo, tak, na kona ya ganda karibu na bawaba inaachia ufa unaopitisha ukucha. Kinati kimetoka na kipande chake cha plastiki. Ukiendelea kufungua na kufunga, bawaba inalipasua ganda kutoka ndani, inaibua fremu ya skrini, na ikikaa vibaya inaikata kebo inayopeleka picha. Fundi atajaza gundi ya mchanganyiko wa aina mbili, na huenda ikashika kwa muda. Tiba ya kweli ni kubadilisha ganda zima.

Sasa rudi kwenye ile laptopu yako ya nne. Maneno "ganda la alumini" kwenye tangazo mara nyingi yana maana ya karatasi nyembamba ya alumini juu ya kifuniko na, pengine, juu ya eneo la kibodi. Chini ya karatasi hiyo kuna fremu ya plastiki, na bawaba imeshikwa na fremu hiyo hiyo, kwa vinati vile vile vya shaba. Mkono unagusa ubaridi wa chuma na akili inasema "imara", ilhali nguvu inaishia kwenye plastiki. Sisemi kila laptopu ya bei ya chini iko hivyo. Nasema alumini ya nje haikujibu swali hilo, kwa hiyo usiilipie kana kwamba imelijibu.

Kwenye MacBook habari ni nyingine. Tangu mwaka 2008 Apple wamekuwa wakilichonga ganda la juu kutoka kwenye kipande kimoja cha alumini, na bawaba inafungwa kwenye kipande hicho hicho. Hakuna kiguzo cha plastiki cha kung'oka. ThinkPad za familia ya T hufika karibu na hapo kwa njia yake: plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, pamoja na magnesiamu au alumini kulingana na toleo, na bawaba nene za chuma zinazoruhusu skrini kulala hadi digrii 180. Huko kulala hadi mezani kuna faida ya kimuundo pia, si ya starehe tu: mtu akiisukuma skrini nyuma kwa bahati mbaya, inakwenda inakokwenda bila kugonga kizuizi na kuigeuza bawaba kuwa jeki ya kuinua ganda.

Dukani, fanya hivi. Shika kona moja ya skrini, ya kushoto kwa mfano, uifungue polepole huku ukitazama kona ya kulia. Ikifuata kwa pamoja, kifuniko ni kigumu na bawaba mbili zinakaza sawa. Ikichelewa na kujipinda, umeona tayari kitakachotokea baada ya miaka 3. Kisha isimamishe skrini ikiwa wazi nusu, ugonge meza kwa kiganja. Tazama kama inatulia mara moja au inaendelea kutikisika. Mwisho, weka jicho kwenye mstari wa maungio ya ganda nyuma ya bawaba wakati mwenzako anafungua na kufunga. Mstari ule haupaswi kupumua hata kidogo. Huo mtindo wa kufungua kwa kidole kimoja, ambao wauzaji huupenda sana, unaonyesha kwamba uzito wa sehemu ya chini na mkazo wa bawaba vimepimwa vizuri. Ni dalili ya usanifu makini, lakini hauthibitishi kwamba bawaba imeshikwa na kitu cha maana.

Tena bawaba imara haitoshi kama njia ya kebo ya skrini haikufikiriwa. MacBook Pro za mwaka 2016 zilikuwa na bawaba nzuri sana, ila kebo nyembamba ya taa za skrini ilikuwa fupi mno na ilijikunja kila kifuniko kilipofunguliwa. Watumiaji wakaanza kuona vivuli na miali chini ya skrini, kisha taa zikazima kabisa wanapoifungua sana. Mwaka 2019 Apple walianzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo zile za inchi 13. Kebo yenyewe ilikuwa sehemu ya skrini, haikuweza kubadilishwa peke yake.

Kuhusu alumini na plastiki, hesabu ndogo inasaidia. Ugumu wa bamba dhidi ya kupinda hukua kwa mchemraba wa unene wake: ukizidisha unene mara mbili, ugumu unaongezeka mara nane. Alumini ina uzito wa takriban gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo, magnesiamu gramu 1.74. Magnesiamu kwa asili ni laini kuliko alumini, lakini kwa uzito ule ule unapata bamba nene zaidi, na bamba hilo linakataa kupinda zaidi ya mara mbili ya lile la alumini. Hii ndiyo sababu ThinkPad na laptopu nyingine nyingi za kikazi zimeitegemea magnesiamu kwa miaka mingi ingawa imepakwa rangi nyeusi ambayo mnunuzi huidhania plastiki. Nyuzi za kaboni, zilizotumika kwenye ThinkPad X1 Carbon tangu 2012 na kwenye sehemu ya viganja ya XPS 13 kwa miaka kadhaa, ni nyepesi zaidi ya alumini na hazina ule ubaridi mkononi.

Alumini nayo ina tabia yake ambayo watu hawaambiwi. Ikianguka kwa kona, hubonyea na kubaki imebonyea. Bonyeo dogo kwenye kona ya kifuniko linaweza kuwa linakigandamiza kioo cha skrini kila unapofunga. Plastiki nzuri hujipinda, inalimeza pigo, kisha inarudi. Kwa mtu anayebeba laptopu kila siku, plastiki nene iliyoimarishwa yenye fremu ya chuma ndani naiamini kuliko karatasi nyembamba ya alumini yenye plastiki ndani. Alumini iliyochongwa kutoka kipande kizima inazishinda zote mbili kwa ugumu, lakini si kwa kuvumilia pigo la kona.

Kiwango cha kijeshi alichokutajia muuzaji wa pili kinaitwa MIL-STD-810, na toleo la H lilitoka mwaka 2019. Kimeandikwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na ni kitabu kinene cha mbinu za kupima: joto, baridi, unyevu, mtikisiko, mchanga, kuanguka, na mengine mengi. Hakuna ofisi inayotoa cheti chake kwa laptopu za kuuzwa madukani. Mtengenezaji huchagua mwenyewe mbinu atakazotumia na kiasi cha ukali, akapima au akampa mtu wa kumpimia, kisha akaandika kwamba imefaulu. Kwa hiyo kampuni mbili zinaweza kuandika neno lile lile na moja imepima mambo 12, nyingine manne. Usilidharau, maana kampuni iliyojisumbua kupima ina uwezekano mkubwa wa kuwa imejisumbua kuunda. Ila tafuta waraka wa kampuni unaotaja vipimo vyenyewe. Kama haupo, lichukulie kuwa ni tangazo.

Wewe ni mfasiri, vidole vyako vitaishi kwenye kibodi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kibodi ya laptopu ina mambo mawili yasiyofanana: inavyojisikia, na inavyobadilishwa ikifa. Mwendo wa kitufe kwenye MacBook Air na XPS 13 ni karibu milimita 1. Kwenye T14 ni milimita 1.5. Nusu milimita inasikika kidogo kwa maneno, lakini mtu anayeandika saa sita kwa siku ataijua kwenye ncha za vidole. Vitufe vya ThinkPad pia vimechimbwa kidogo katikati, na kidole hukaa mahali pake bila kutazamwa. Bonyeza katikati ya kibodi kwa nguvu, kwenye herufi G na H. Kama eneo zima linazama, ujue hakuna bamba la kutosha chini, na uandishi wako utakuwa na mtetemo wa ngoma.

Kuhusu kubadilishwa, kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Apple. Mwaka 2015 walitoa kibodi ya muundo wa kipepeo, nyembamba kupita kiasi, wakaisambaza kwenye MacBook, MacBook Pro na baadaye MacBook Air. Punje ya vumbi ilitosha kukwamisha kitufe au kukifanya kiandike herufi mara mbili. Mwaka 2018 walianzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na Novemba 2019 wakarudi kwenye mtindo wa mkasi, wenye vipande viwili vinavyopishana chini ya kila kitufe, kwenye MacBook Pro ya inchi 16. Hadi hapo ni hadithi ya kitufe kibovu. Kilichoifanya kuwa janga ni kwamba kibodi ilikuwa imepigwa ribiti kwenye ganda la juu, na betri imegandishwa kwa gundi kwenye ganda hilo hilo. Kitufe kimoja kikigoma, inabadilishwa nusu ya kompyuta. Kasoro ndogo ikiwa mahali pasipofikika, inageuka kuwa kasoro kubwa, na sifa hiyo ya usanifu huwezi kuiona kwa kushika mashine dukani.

MacBook Air za leo zina kibodi nzuri, ya mkasi, na haina ugonjwa ule. Lakini bado ni sehemu ya ganda la juu. ThinkPad za familia ya T kwa miaka mingi zimeruhusu kibodi itoke kwa kulegeza skrubu chache, na nyingi zina mifereji chini ya vitufe inayoyapeleka maji kwenye matundu ya chini ya ganda ili yasifike kwenye madabodi haraka. Haimaanishi ni mashine ya kuogeshwa. Inamaanisha unapata nafasi ya kuizima na kuigeuza kabla ya hasara.

Kwa XPS 13 nina lawama ya wazi. Mwaka 2022 Dell walitoa XPS 13 Plus, na muundo wake ukaja kurithiwa na XPS 13 yenyewe mwaka 2024: tachipadi (eneo la kusogezea mshale) isiyo na mipaka inayoonekana, vitufe vilivyobanana bila nafasi, na safu ya juu ya vitufe vya F na Esc iliyobadilishwa kuwa taa za kugusa. Unapoandika bila kutazama, kidole hakina cha kupapasa. Apple walijaribu jambo la aina hiyo mwaka 2016 kwa kuiondoa Esc ya kubonyeza kwenye MacBook Pro, na mwaka 2019 wakairudisha. Dell waliona yote hayo, na bado wakaifuata njia ile. Ni mashine nzuri sana kwa macho, imechongwa kwa usafi, na skrini yake inajaza uso wote wa kifuniko. Lakini usanifu unaomlazimisha mfasiri kuinamisha kichwa kila anapotafuta F7 umemsahau mtumiaji wake.

Skrini zenyewe nitazipita kwa haraka kwenye uimara, nikae kwenye jambo moja la begi. Fremu nyembamba zinapendeza, na XPS 13 ya mwaka 2015 ndiyo iliyowafanya wengine wote wazifuate, hata kamera ikabidi ishushwe chini ya skrini hadi ilipopandishwa tena mwaka 2019. Gharama ya wembamba huo ni kwamba kati ya kioo na eneo la kibodi nafasi ni ndogo mno. Mwaka 2020 Apple waliwaonya wateja wao wasifunge MacBook ikiwa na kifuniko cha kubandika juu ya kamera, kwa kuwa kinaweza kuharibu skrini. Punje ya mchanga au kipini cha karatasi kilichosahaulika juu ya vitufe kinafanya kazi ile ile. Kama begi lako hujaa vitabu, bonyeza mgongo wa kifuniko kwa kidole skrini ikiwa inawaka: ukiona mawimbi ya rangi mbele, kifuniko hicho hakilindi kioo chako, na kitahitaji mfuko mgumu.

Matundu. Hapa ThinkPad yako inapoteza alama. Tundu la USB-C limeundwa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, lakini hesabu hiyo ni ya kuchomeka kwa unyoofu, si ya waya uliokwazwa na mguu. ThinkPad nyingi za miaka ya karibuni huchajiwa kwa USB-C iliyotiwa lehemu moja kwa moja kwenye madabodi. Tundu likilegea, kazi ni ya fundi wa lehemu mwenye mkono mzuri. MacBook Air tangu mwaka 2022 imerudishiwa MagSafe, chaja ya sumaku inayojitoa yenyewe waya ukivutwa, na matundu yake ya USB-C yako kwenye vibao vidogo vinavyobadilika bila kugusa madabodi. Kwa uundaji huo wanastahili sifa bila kusitasita. XPS 13 ina matundu mawili tu ya USB-C, na tangu 2022 haina tundu la spika za masikioni, kwa hiyo chaja, diski na kila kitu kingine hupigania matundu hayo hayo. T14 ina HDMI, USB za kawaida na tundu la waya wa mtandao, na huo wingi una faida ya kimya: kila tundu linachoka kidogo kwa sababu kazi imegawanywa.

Joto linaamua umri wa mashine kuliko rangi yoyote ya ganda. MacBook Air tangu ile yenye chipu ya M1 ya mwaka 2020 haina feni. Hakuna kitu kinachovuta vumbi ndani wala kinachozunguka hadi kichakae. Kasoro yake utaiona siku unapotoa mamia ya picha kwa mpigo: baada ya dakika kadhaa inapunguza kasi ili ijipoze. Kwa mtu anayehariri picha pembeni hilo linavumilika. T14 ina feni inayofikika, unaondoa kifuniko cha chini na kuipuliza. XPS 13 Plus ilisukumiwa prosesa (chipu kuu) za wati 28 ndani ya mwili mwembamba sana, na mwili mwembamba hauna pa kulificha joto. Kwenye laptopu yoyote unayoifikiria, igeuze utazame matundu ya hewa ya chini na urefu wa vimguu vya mpira. Vimguu vifupi vyenye matundu makubwa ya chini vina maana kwamba ukiiweka juu ya kitambaa umeiziba pumzi. Tazama pia hewa ya moto inakotokea, maana nyingine huipuliza kwenye ukingo wa chini wa skrini.

Linalobaki ni kufunguka, na kwa mtu anayetaka miaka 5 au 6 ndilo zito kuliko yote. Betri yako itachoka kabla ya laptopu, hilo halina mjadala. Ikivimba kabla hujaibadilisha, itaisukuma tachipadi juu hadi igome kubonyezeka. Ukiona hivyo acha kuitumia siku hiyo hiyo. Kwa hiyo uliza: betri imefungwa kwa skrubu au kwa gundi? Diski inatoka? RAM (kumbukumbu ya kazi) inaongezeka? Kwenye MacBook Air RAM iko pamoja na prosesa, diski imetiwa lehemu, na betri imeshikwa kwa vipande vya gundi vinavyovutika. Unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho. XPS 13 ya mwaka 2024 inaruhusu diski itoke, RAM hapana. T14 ya kizazi cha tano, ya mwaka 2024, Lenovo waliiunda kwa kushirikiana na iFixit, kundi linalojulikana kwa kuzifungua na kuzipima mashine, na ikapata alama 9 kati ya 10 za urahisi wa kutengenezwa. RAM zote mbili zinatoka. Linganisha na Surface Laptop ya kwanza ya Microsoft, ya mwaka 2017, iliyofunikwa kitambaa kizuri kuzunguka kibodi na kupewa 0 na watu hao hao, kwa kuwa huwezi kuifungua bila kuiharibu.

Huhitaji kumwamini mtu yeyote kuhusu hilo. Lenovo, HP na Dell huweka wazi vitabu vya ukarabati vya mashine zao kwenye tovuti zao. Andika jina kamili la toleo, pakua, nenda sehemu ya kuondoa betri na kuondoa kibodi. Betri ikiondolewa hatua ya pili na kibodi ya tano, vizuri. Kibodi ikiwa ya mwisho kabisa, baada ya madabodi kutolewa, umeshajua gharama ya kumwaga maji. Ufaransa tangu Januari 2021 inawalazimisha wauzaji kuonyesha alama ya urahisi wa kutengenezwa kati ya 10 kwa laptopu, na alama hizo huwa kwenye kurasa za Kifaransa za kampuni zile zile. Mtengenezaji hujipimia mwenyewe, kwa hiyo zitumie kulinganisha mashine mbili, si kama hukumu.

Angalizo moja kabla sijachagua: linganisha familia na toleo, usilinganishe nembo. Lenovo anayetengeneza T14 ndiye anayetengeneza laptopu za nyumbani zenye viguzo vya plastiki, na Dell na HP ni hivyo hivyo. Mtu anayesema "kampuni fulani ni mbovu" mara nyingi alinunua familia yake ya chini kabisa.

Kwa kazi yako mimi ningechukua T14, kwa sharti moja kubwa: skrini. Lenovo huiuza T14 hiyo hiyo na skrini za aina kadhaa, na ile ya chini kabisa huonyesha asilimia 45 tu ya kipimo cha rangi cha NTSC. Ukihariri picha juu yake, nyekundu itakuwa imefifia na utaizidisha bila kujua. Chukua yenye asilimia 100 ya sRGB (wigo wa kawaida wa rangi za picha za mtandaoni), ya mwangaza wa niti 400 au zaidi, na usikubali dukani wakuambie "zote ni sawa". Ukiikosa yenye skrini hiyo, au kama uhariri wa picha unaelekea kuwa kazi yako kuu, hapo chukua MacBook Air, ukiongeza RAM na nafasi ya diski siku ya ununuzi kuliko unavyodhani utahitaji. Skrini yake ya niti 500 yenye rangi za P3 (wigo mpana kuliko sRGB) inafaa sana kwa kazi ya picha, na ganda lake ni la kuaminika. XPS 13 ningemwachia mtu anayeandika kidogo na kusoma sana. Ile ya nne iache, isipokuwa kitabu chake cha ukarabati kikuonyeshe bawaba zimefungwa kwenye fremu ya chuma.

Ukishainunua, wiki mbili za kwanza zitumie kuitesa wakati bado unaweza kuirudisha. Ifungue na kuifunga mara nyingi kwa siku, ukisikiliza. Iweke juu ya kioo cha meza kilichonyooka uone kama vimguu vyote vinne vinagusa. Ikiyumba, ganda limepinda tangu kiwandani. Weka picha nyeupe tupu kwenye skrini gizani utafute madoa ya mwanga kwenye kona. Ipe kazi nzito kwa nusu saa, kisha pitisha kiganja juu ya kibodi na chini ya ganda ujue joto linakaa wapi. Chomeka chaja, isogeze taratibu kushoto na kulia: kuchaji kukikatika hata mara moja, irudishe dukani siku hiyo hiyo.